Mama amegongwa na baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro: haki ya njia ni ya nani?

Mkazi wa Magomeni

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba mawazo ya wenye ujuzi wa sheria, wa ujenzi wa barabara, na hata ya waendesha baiskeli wenyewe, kwa sababu jambo lililotupata wiki mbili zilizopita limeniachia swali ambalo kila ninayemuuliza hunijibu kwa namna yake.

Mama yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 67, alikuwa akitembea asubuhi kando ya Barabara ya Morogoro akielekea kituo cha mwendokasi cha Magomeni Mapipa. Wanaoijua sehemu hiyo wanafahamu kwamba pembeni ya barabara ya magari kuna njia iliyojengwa pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka, na kwamba upande mmoja wa njia hiyo ulikusudiwa wenye baiskeli na upande wa pili waenda kwa miguu. Nasema ulikusudiwa kwa sababu pale alipopita mama mstari umefutika, umebaki kama alama ya chaki iliyofutwa kwa kiganja. Mbele yake kulikuwa na turubai lililopangwa viatu vya mitumba, nalo lilikuwa limemeza karibu upande wote wa waenda kwa miguu. Mama akapiga hatua moja pembeni ili alikwepe, na hatua hiyo moja ndiyo iliyomweka mbele ya baiskeli iliyokuwa ikitokea nyuma yake. Kengele hakuisikia. Aliangukia mkono wa kulia, ukavunjika juu kidogo ya kiganja, na kijana aliyekuwa kwenye baiskeli akaanguka naye, kreti lake la mikate likamwagika barabarani.

Kilichoniuma zaidi ni mabishano yaliyofuata mama akiwa bado amekaa chini. Wengine walimwambia, "Mama, umefuata nini kwenye njia ya baiskeli?" Wengine wakamkaba kijana kwa maneno kwamba baiskeli ni chombo na mwenye chombo ndiye anayepaswa kusimama. Hakuna aliyeweza kuonyesha kibao wala mstari uliomthibitishia alichokuwa akikisema. Jioni yake kijana alikuja nyumbani na shilingi 20,000 mkononi, akaomba radhi. Mama alizikataa, na sisi hatujui kama alifanya vyema.

Maswali yangu ni haya. Katika njia inayotumiwa na baiskeli na miguu kwa pamoja, nani ana haki ya kutangulia? Je, ikiwa kijana alikuwa upande wake, kosa ni la mama? Na ikiwa mstari umefutika kabisa, upande wake ni upi?

Mchukuzi wa Feri

Dada yangu, mfikishie mama pole yangu. Mimi si mwanasheria, ila ni mwendesha baiskeli wa kazi, na sehemu unayoitaja naipita kila siku ya kazi kwa mwaka wa 11 sasa. Alfajiri natoka soko la samaki la Feri nikiwa na matenga mawili kwenye keria, napita Posta na Kisutu, nafika Fire, nateremka Jangwani, kisha napandisha Magomeni hadi kwa wateja wangu Manzese. Nitaeleza ninayoyajua, na sitamtetea kijana wala sitamhukumu.

Mtu aliye kwa miguu huiona baiskeli kuwa kitu chepesi kinachoweza kusimama popote. Baiskeli yenye mzigo haiko hivyo. Nikiwa na kilo 60 nyuma, uzito wote unasukuma kwenda mbele, na usukani unakuwa mwepesi kiasi kwamba nikiukata ghafla naanguka mimi kwanza. Zaidi ya hapo, samaki hupakiwa na barafu, barafu inayeyuka njiani, maji yanadondoka kwenye rimu ya nyuma, na breki ikikamata chuma kilicholowa inateleza kabla ya kushika. Ndiyo maana wachukuzi wengi wa samaki hukanyaga polepole wanapokaribia Mapipa hata kama njia inaonekana wazi. Tunajua kwamba breki tulizonazo si zile tulizotoka nazo Feri.

Kuhusu kengele nako kuna jambo ambalo mwenda kwa miguu halifahamu. Ukiipiga ukiwa karibu, mmoja anarukia kushoto, mwingine anarukia kulia, na wa tatu anasimama katikati akageuka kukutazama. Nimejifunza kuipiga mbali, nikiwa bado hatua 20 au zaidi nyuma ya mtu, halafu nikikaribia nasema kwa sauti ya kawaida, "Napita kulia kwako, mama." Sauti ya mtu haimshtui mtu kama chuma kinavyomshtua.

Mtauliza kwa nini tusiende barabarani pamoja na magari. Tunakwenda, na wenzetu wengine hawakurudi. Lori likikupita kwa kasi karibu na bega, upepo wake peke yake unaivuta baiskeli. Ukikimbilia njia ya pembeni unawakuta bodaboda waliokwepa foleni ya mataa, nao wanakupigia honi wewe uwapishe. Njia yenyewe nayo haina mwendelezo: mara unakuta mfuniko wa mtaro umeondoka, mara nguzo, mara ngazi za kuingilia kituoni, na hapo inabidi ushuke ukokote. Mimi hushuka. Ila mtu aliyelipwa kwa safari tatu kwa siku hashuki mara zote, na nakiri kwamba zamani nami sikuwa nikishuka.

Kuhusu kijana wa mikate nasema hivi kwa moyo mmoja: turubai lile alikuwa analiona. Mwendesha baiskeli akiona turubai limetandazwa njiani na mtu anatembea kulielekea, anapaswa kujua kwamba mtu yule atalikwepa, kwa kuwa hana pengine pa kupita. Hapo ndipo pa kupunguza mwendo, iwe mstari upo au umefutika.

Mkazi wa Magomeni

Nakushukuru sana, kaka. Habari ya maji ya barafu na breki sikuwahi kuifikiria. Mama amesikiliza nilipomsomea, akasema kwamba kijana yule hakuwa na samaki ila alikuwa na haraka.

Mwanasheria Mwanajukwaa

Dada, pole kwa yaliyomkuta mama. Nitajibu kwa kadiri ya maelezo uliyotoa, nikikumbusha kwamba ushauri wa jukwaani haufuti haja ya kuonana na wakili.

Sheria inayosimamia matumizi ya barabara kwetu ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, wakati ambapo njia za aina hii hazikuwapo Dar es Salaam. Kwa hiyo watu wanapobishana kando ya barabara wakitafuta kifungu kimoja kitakachompa mmoja wao njia yote, mara nyingi wanatafuta jibu mahali ambapo swali lenyewe halikuulizwa. Swali la fidia kwa jeraha, ambalo ndilo linalowahusu ninyi, huamuliwa zaidi kwa misingi ya uzembe, nayo ni sehemu ya misingi ya sheria ya Kiingereza iliyopokewa nchini kwa kigezo cha tarehe 22 Julai 1920 na ambayo mahakama zetu zimeendelea kuitumia na kuijenga. Msingi wake ni mwepesi kuuelewa: kila mtu ana wajibu wa kuchukua uangalifu unaostahili ili asimdhuru mtu ambaye angeweza kutarajia kwamba matendo yake yatamgusa. Kinachopimwa ni kile ambacho mtu mwenye busara ya kawaida angefanya mahali pale, saa ile, akiona yale yaliyoonekana.

Kwa kipimo hicho, maneno ya kaka Mchukuzi kuhusu turubai yana uzito mkubwa kuliko mstari uliofutika. Hata kama kijana alikuwa upande wake, kuwa upande wako hakukuondolei wajibu wa kumwona aliye mbele yako, na hasa unapomkaribia kwa nyuma, mahali ambapo yeye hana macho. Kwa upande mwingine, mtu anayeingia njia ya baiskeli bila kutazama, hali mstari uko wazi na nafasi ya kutembea ipo, anaweza kuonekana amechangia kuumia kwake, na mchango huo ukapunguza fidia. Mama hakuwa na nafasi hiyo. Alizibiwa njia, na hilo linapaswa kuelezwa mapema na kwa ushahidi wa picha, kabla turubai halijahama.

Wenzetu wa Uingereza walifanyia mabadiliko kanuni zao za barabarani mwezi Januari 2022, wakaweka wazi kwamba anayeweza kuleta madhara makubwa zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kuwalinda wengine: lori kwa gari dogo, gari kwa baiskeli, baiskeli kwa mwenda kwa miguu. Katika njia za pamoja, mwendesha baiskeli anatakiwa kumpisha mwenda kwa miguu, naye mwenda kwa miguu anaombwa asimzibie wala kumhatarisha mwenye baiskeli. Kanuni hizo hazitufungi sisi, lakini hoja iliyomo ndani yake ndiyo ileile ya uangalifu unaoongezeka kadiri uwezo wa kudhuru unavyoongezeka, na sioni sababu ya kuiona ngeni.

Sasa kuhusu fedha. Bima ya lazima kwa ajili ya mtu wa tatu, chini ya Sura ya 169, inahusu vyombo vya moto. Baiskeli haimo, kwa hiyo nyuma ya kijana yule hakuna kampuni ya kulipa. Kuna mfuko wake tu. Kupokea mchango wa matibabu si kosa na si aibu, ila andikeni karatasi inayotaja kiasi, tarehe, na kama fedha hiyo ni sehemu ya gharama au ni kumaliza jambo lote, kisha pande zote mbili zitie sahihi mbele ya shahidi. Ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali pazuri pa kufanyia hivyo. Kama hamkuchukua PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, siku ile, ifuatilieni, kwa kuwa ndiyo kumbukumbu rasmi ya jeraha iwapo jambo litafika mbele zaidi.

Mpita Njia wa Ubungo

Mimi naona tunazunguka bure. Njia ya pembeni iwe ya watu tu na baiskeli zirudi barabarani kama ilivyokuwa zamani. Mtoto wangu wa darasa la pili anapita huko, na kila siku roho yangu iko juu juu.

Mchukuzi wa Feri

Ndugu yangu, hofu yako ni ya haki, nami nina watoto. Lakini ukituondoa pale unatupeleka mbele ya lori. Watoto wengine wa shule nao huendesha baiskeli. Hao utawapeleka wapi?

Mwenye Fimbo Nyeupe

Nimesoma yote kwa msaada wa simu inayonisomea, na ninaomba niongeze jambo ambalo halijaguswa. Mimi sioni. Gari nalisikia, bodaboda naisikia, hata bajaji iliyosimama naisikia ikinguruma. Baiskeli haina mlio hadi ikufikie. Mara moja fimbo yangu imewahi kuingia katikati ya spoku za baiskeli iliyokuwa ikinipita kwa karibu, ikakatika vipande viwili, na mwendeshaji akaponea chupuchupu. Hatukugombana, kwa kuwa wote wawili tulikuwa tunatetemeka.

Mnazungumza habari ya mstari uliofutika. Kwangu mimi hata mstari uliopakwa jana haupo. Fimbo husoma ukingo, husoma vigae vyenye vinundu, husoma tofauti ya kimo hata ikiwa ndogo, rangi haiisomi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatutambulia haki ya mazingira yanayofikika, na kwa mtu kama mimi mazingira hayo huanzia hapo, kwenye kitu ninachoweza kukigusa kikanieleza kwamba hatua inayofuata si ya kwangu.

Mhandisi Mstaafu

Nimefanya kazi za barabara kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ningependa kutoa hesabu ndogo itakayowasaidia wote wanaobishana kuhusu nani angeweza kumkwepa nani.

Baiskeli inayokwenda kilomita 18 kwa saa, mwendo ambao kijana mwenye nguvu anaufikia bila kujisumbua, inapita mita 5 kila sekunde. Mtu akishtushwa na jambo huhitaji takriban sekunde moja kabla mkono wake haujakamata breki sawasawa, na katika sekunde hiyo baiskeli imekwisha kula mita 5 bila kupungua mwendo hata kidogo. Mwenda kwa miguu naye, akipiga hatua moja ya pembeni, anaimaliza kwa muda usiofika sekunde hiyo. Maana yake ni kwamba baiskeli ikiwa mita 4 nyuma ya mama wakati anapohamisha mguu, hakuna ustadi wa breki unaoweza kumwokoa. Uokovu ulikuwa mapema zaidi. Punguzeni mwendo ufike kilomita 9 kwa saa na umbali ule unakuwa mita 2 na nusu, nao unaanza kutosha. Hapo sijaongeza habari ya barafu iliyoyeyuka, ambayo nimeisoma kwa makini na kuiamini.

Kuhusu alama, waenda kwa miguu wengi hawajaelezwa jinsi ya kuzisoma. Kibao cha duara chenye rangi ya buluu na mchoro mweupe kinaagiza nani atumie njia hiyo. Michoro ya mtu na baiskeli ikiwa imetenganishwa na mstari wima, kila mmoja ana upande wake; ikiwa iko pamoja bila kutengwa hivyo, njia ni ya pamoja kwa upana wake wote, na hapo hakuna anayeweza kumwambia mwenzake "umefuata nini huku." Mahali ambapo kibao hakipo na rangi imekwisha, busara inataka watu wote waichukulie njia kuwa ya pamoja, na mwenye magurudumu apunguze mwendo.

Ndugu yetu mwenye fimbo nyeupe amesema jambo ambalo ningependa kila mchoraji wa barabara alisikie. Rangi ni nafuu wakati wa kujenga na ghali baadaye, kwani jua letu, vumbi na matairi ya bodaboda huila haraka, na kila inapokwisha ugomvi unarudi. Tofauti ya kimo, hata ya sentimita chache yenye ukingo ulioinamishwa ili gurudumu lisikwame, huishi muda ule ule wa njia yenyewe.

Kabla hamjaandika barua, fahamuni mnamwandikia nani. Barabara ya Morogoro ni barabara kuu, hivyo iko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Mitaa inayoingia humo iko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Mfumo wa mabasi yaendayo haraka unasimamiwa na DART. Na biashara za pembezoni zinahusu halmashauri. Ukitembea kutoka Kivukoni hadi Kimara unapita katika halmashauri tatu, yaani Jiji, Kinondoni na Ubungo. Barua inayosema tu kwamba "njia ni mbovu" itazunguka kwenye meza hizo zote. Barua inayosema kwamba kutoka kituoni, upande fulani, kati ya nguzo ya taa ya pili na ya tano, mstari umefutika na nafasi iliyobaki ya kutembea ni sentimita kadhaa, hiyo ina mtu wa kuijibu. Na tafadhali msiiandike kwa namna ya kumfukuza muuza viatu. Naye yuko pale kwa sababu hapo ndipo watu wanapopita. Aonyeshwe pa kukaa.

Mkazi wa Magomeni

Shikamoo mzee Mhandisi, na asanteni nyote. Naandika haya baada ya kuzungumza na mama kwa kirefu.

Jana tulimwita kijana, tukakaa naye serikali ya mtaa. Jambo la kwanza ambalo mama alimuuliza ni mikate ilikuwa ya nani, na tukajua kwamba ilikuwa ya tajiri wake na kwamba anakatwa kidogo kidogo hadi leo. Tumeandikiana karatasi kama mwanasheria alivyoelekeza. Atachangia nauli ya mama ya kwenda kliniki hadi POP, yaani plasta ya mkono, itakapofunguliwa, na shilingi 20,000 mama amezikubali kwa masharti kwamba kijana anunue kengele, kwani alikiri kwamba hakuwa nayo.

Leo asubuhi nilikwenda pale na futi ya fundi cherehani nikapima. Kutoka ukingo wa turubai hadi ulipokuwa mstari zimebaki sentimita 40, na mimi mwenyewe nikibeba mkoba sipiti hapo bila kukanyaga upande wa pili. Nimepiga picha na kuhesabu nguzo za taa. Nimezungumza pia na muuza viatu. Alikuwa hajui kwamba aliyeanguka alivunjika mkono, na amenisaidia kushika ncha ya futi. Kinachonikosa katika barua ni kipimo cha upande wa baiskeli. Kaka Mchukuzi, matenga yako yana upana gani yakiwa yamejaa?

Mchukuzi wa Feri

Dada, sijawahi kuyapima, na nikikisia nitakudanganya. Kesho napita hapo kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, nikiwa na mzigo kamili. Njoo na hiyo futi. Nitaegemeza baiskeli kwenye nguzo ya pili ukitokea kituoni, tupime matenga na usukani, halafu tupime na nafasi inayobaki kati yangu na mtu akiwa amesimama pale aliposimama mama.